Nukta ya Tatu

Marehemu Vedasto Bura Tluway alibatizwa mara mbili, na ubatizo wa pili ndio ulioshika. Wa kwanza ulifanyika kanisani Karatu, kwa maji na mishumaa, naye akapewa jina la mtakatifu ambaye hakuna mtu wa Ganako aliyewahi kumjua. Wa pili ulifanyika ndani ya kreta ya Ngorongoro, bila padri, siku aliposimamisha gari lake mbele ya uwanda wa nyasi, akiwa amewabeba masista kutoka Ulaya waliotamani kumwona faru kabla ya kufa. Alinyoosha kidole mbali sana na kusema kwa sauti ya mtu anayefichua siri ya serikali: “Mnaiona ile nukta nyeusi? Ndiye yeye.”

Masista waliiona nukta. Waliipiga picha, na mmoja wao alifanya ishara ya msalaba. Madereva wenzake walipofika, waliielekezea nukta ile darubini na kukuta ni kichaka. Jambo hilo lingesameheka, kwa kuwa kichaka kimewahi kumdanganya kila dereva. Lakini nyuma ya gari la Vedasto, mahali ambapo hakuna sista aliyekuwa ametazama, faru wawili wazima walikuwa wakijiondokea polepole. Kuanzia jioni hiyo Vedasto akawa Nukta.

Jina la utani halina adabu ya kukaa mahali pamoja. Mkewe Lukresia akawa Mama Nukta. Mtoto wa kwanza akawa Nukta Mbili, na binti aliyefuata, ambaye hakujaliwa urefu, akawa Nukta Mkato. Kijiji kilikuwa tayari kinabishana kama wa tatu awe Mabano au Alama ya Mshangao, lakini Mungu, kwa huruma yake, hakuleta wa tatu.

Mtu pekee aliyeendelea kumwita Vedasto kwa jina lake lote alikuwa kaka yake, Mwalimu Isaya, mstaafu aliyefundisha Kiswahili sekondari kwa umri mzima, na ambaye kabla ya hapo alisoma seminari hadi yeye na seminari walipogundua kwamba hawakufaana. Kutoka huko alibaki na Kilatini kidogo na mashaka mengi. Alikuwa hacheki. Wanafunzi wake waliamini kwamba meno ameyaweka kwa ajili ya chakula tu, na si cha kila siku.

Vedasto alipofariki kwa presha, alizikwa shambani kwake Ganako, chini ya msalaba wa mbao. Mwaka ulipokaribia kutimia, siku ya kubariki kaburi ikapangwa, na madereva walijitolea kuleta jiwe lenye picha ya gari na jina NUKTA kwa herufi za kuonekana kutoka barabarani. Lukresia aliwashukuru, akawakatalia, kisha akaenda kwa shemeji yake.

“Shemeji, nina ombi moja tu.”

“Sema, shemeji.”

“Pale kwenye msalaba, kuna mtu aliandika ule utani kwa mkaa hata udongo haujakauka. Nimeufuta, umerudi. Nimeufuta tena, umerudi mkubwa zaidi.” Alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, kama aliye mbele ya hakimu. “Mimi niliolewa na mtu mwenye jina. Lilitajwa altareni, nikaitikia. Tangu hapo watu wamemwita doa, na mimi mke wa doa, na wanangu madoa madogo. Huko alikolala apewe jina lake. Nakuachia wewe jiwe. Usiniwekee hata herufi moja ya ule utani.”

“Hakutakuwa na hata herufi moja,” alisema Isaya.

Ni haki kusema mapema kwamba ahadi hiyo aliitimiza kikamilifu.

Fundi wa mawe ya makaburi alikuwa Lembris, mtu wa pande za Arusha aliyehamia Karatu na kujipanga kando ya barabara, kati ya muuza magodoro na duka la dawa za mifugo. Isaya alimkuta akisugua jiwe la kijivu.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Andika Vedasto Bura Tluway. Yote matatu, kwa ukamilifu.”

Lembris alipima jiwe kwa macho. “Watu siku hizi wanafupisha. V. B. Tluway.”

“V. B. ni namba ya gari.”

“Basi sawa. Lakini jina na tarehe vitalimeza jiwe. Hapa chini patabaki pa kuweka RIP tu.”

“Kwa nini RIP?”

“Si kila mtu anaweka ripu, Mwalimu? Hata waliokufa wakigombana.”

“Unajua ni nini?”

Lembris alifikiri. “Ni pole ya Kizungu.”

“Ni Kilatini,” alisema Isaya, na muuza magodoro, aliyemfahamu, akasogeza kiti chake mbali kidogo. “*Requiescat in pace*. Waingereza waliikuta imeandikwa tayari, na kwa bahati maneno yao yakawa na herufi zile zile mwanzoni, wakajifanya wameipika wao. Wewe nawe umeipokea kwa Mwingereza na kuiita ripu. Marehemu amepita mikono mitatu kabla hajapumzika.”

“Lakini ripu ni neno zuri.”

“Si neno. Limekuwa neno kwa sababu unalitamka kama neno. Herufi ukizitaja moja moja, hizo ni herufi zilizopanga foleni. Ukizitamka kwa pamoja ndipo inakuwa akronimu. Mwingereza aliliunda jina hilo kwa Kigiriki: *akron* ni ncha, *onoma* ni jina. Unakata kila neno ncha yake, unazishona pamoja.”

“Ah,” alisema Lembris, “kama sisi tunavyokata ncha ya sikio la ng’ombe ili ajulikane ni wa nani.”

Isaya alimtazama kwa namna ambayo kwa mtu mwingine ingekuwa tabasamu. “Umekaribia. Ila usidhani ni neno la kale. Mgiriki wa zamani hakuwahi kulisikia. Limeshonwa karne iliyopita tu, kwa vitambaa vya marehemu. Kabla yake walitumia ‘abbreviation’, ambalo asili yake ni neno la Kilatini la ufupi, nalo lina herufi kumi na mbili. Hakuna aliyeona aibu.”

“Basi tuweke nini? Maana jua linazama.”

“Tuweke Kiswahili. Apumzike kwa Amani.”

“Haienei.”

“Basi weka ncha zake. A, nukta. K, nukta. A, nukta.”

Hapo Lembris akaacha kusugua. Alikuwa amemfahamu marehemu, kama walivyomfahamu wote waliokuwa na shughuli kando ya barabara ile. Alizitamka herufi taratibu, kama zinavyotamkwa redioni kwa Kiingereza, kati ya jina la kuzaliwa la mwanamuziki na lile la jukwaani, kwa maana ya ‘ambaye pia hujulikana kama’.

“Ei-kei-ei. Halafu?”

“Halafu nukta.”

“Nukta?”

“Nukta. Hizo za katikati zikififia si hoja, lakini ya mwisho uikaze. Ikikosekana, msomaji atabaki anasubiri.”

“Na Mama mwenyewe ameridhia?”

“Ameniachia mimi.”

“Kweli, Mwalimu? Maana nilisikia hataki kabisa.”

“Lembris, unachonga au unahoji?”

Lembris akasema kwa unyenyekevu kwamba hilo ni jambo jema sana, kwamba watu watafurahi, na kwamba ataikaza. Isaya aliondoka akiridhika. Alikijua vizuri kifupisho kile cha redioni na maana yake kwa Kiingereza. Angeulizwa angekitolea maelezo na asili yake. Lakini siku hiyo akili yake ilikuwa Roma, na mtu aliye Roma hasikii ya Karatu.

Nyumbani alimsimulia mkewe, Sabina, mzaliwa wa Muheza aliyeletwa Karatu na ualimu, na ambaye baada ya miaka yote hiyo bado alilalamikia baridi kama mtu aliyeshuka basi jana.

“Umeandika nini?”

“A, K, A.”

“Aka!” alisema Sabina.

“Aka nini?”

“Ndivyo linavyosomeka. Aka! Bibi yangu ukimpelekea uji wa jana, ndivyo alivyokuwa akikujibu, na bakuli unarudi nalo. Mmemwandikia marehemu kwamba amekataa.”

“Amekataa nini?”

“Sijui. Kufa. Kupumzika. Mwulizeni.”

Isaya alifungua kamusi, akakuta kwamba mkewe, kwa bahati mbaya, alikuwa sahihi: kiingizi cha kukataa au kushangaa. Aliifunga. “Lakini zina nukta,” alisema. “Nukta zinamzuia msomaji asizitamke kama neno. Kila herufi imefungiwa chumba chake. Nukta ndizo zinazotuokoa.”

“Haya,” alisema Sabina, kwa sauti ambayo wake za walimu huitumia badala ya kubisha.

Jiwe lilisimikwa siku moja kabla ya ibada. Isaya alipofika shambani kulikagua, alikuta gari la watalii limeegeshwa kando ya mahindi, na madereva kadhaa wamelizunguka kaburi, kofia mkononi. Hao waongoza watalii waliojiita magaidi, kutokana na ‘guide’ ya Kiingereza, bila kujali kamusi inalionaje neno hilo, walikuwa wanafuta machozi. Mkubwa wao, Tobiko, alimjia Isaya na kumkumbatia, jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelifanya tangu mazishi.

“Mwalimu, tumekusamehe.”

“Kwa kosa gani?”

“Tulikuwa tunasema wewe una roho kavu kama chaki. Tunaomba radhi. Mmemkumbuka mwenzetu! Tena kwa akili nyingi. Hamkuandika utani, mmeiweka nukta yenyewe.”

“Mmeona wapi utani?”

Tobiko akageukia jiwe na kusoma kwa sauti ya mtangazaji: “Vedasto Bura Tluway, ei-kei-ei…” Kisha akanyamaza, akaweka kidole kwenye nukta ya mwisho. Lembris alikuwa ameikaza. Zile mbili za katikati zilikuwa kama mbegu za ulezi. Ya tatu ilikuwa na upana wa kizibo cha soda, imechimbwa na kujazwa rangi nyeusi tii kwenye jiwe la kijivu.

“Nuktaaa!” wakaitikia wenzake.

Isaya alilitazama jiwe kwa muda mrefu. Ni jambo la nadra mtu kuona makosa matatu ndani ya herufi tatu, yote yakiwa yake.

“Ni Apumzike kwa Amani,” alisema hatimaye.

Madereva wakatazamana.

“Hata hiyo inakaa, Mwalimu,” alisema Tobiko kwa huruma.

Walipoondoka, Isaya alikwenda kuazima saruji kwa jirani, akapiga magoti mbele ya mdogo wake na kuiziba nukta kwa kijiko cha chai. Hakuwa fundi, na saruji haina heshima kwa wastaafu. Asubuhi ilikuwa imekauka na kuwa nyeupe, pana kuliko mwanzo, ikichungulia kutoka kwenye jiwe kama jicho. Nukta iliyokuwa nyeusi kama faru wa kreta sasa ilikuwa faru mweupe, aina ambayo kreta haina, na ilionekana vizuri kutoka barabarani.

Watu walijaa. Jiwe lilikuwa limefunikwa kitambaa, na baada ya masomo padri alimwomba mjane akifunue. Lukresia alifunua, akasoma jina la mumewe, yote matatu, na uso wake ukalainika. Kisha macho yake yakashuka. Nyuma yake Nukta Mkato, ambaye sasa alikuwa mkunga na mtu wa kuheshimiwa, aliuma kona ya khanga yake, na mabega yakaanza kumtikisika.

“Shemeji,” alisema Lukresia bila kugeuka.

“Shemeji.”

“Ulisema hata herufi moja.”

“Hakuna hata herufi moja,” alisema Isaya, na katika maisha yake yote hakuwahi kusema jambo la kweli zaidi lenye faida ndogo zaidi.

“Nilikuachia kitu kimoja.”

“Ulikuachia.”

“‘Uliniachia,’ Mwalimu,” alinong’ona Sabina, na ndipo watu walipojua kwamba hali ni mbaya, kwa maana Isaya alikuwa amekosea kiambishi.

Padri, aliyekuwa na misa nyingine mchana, aliharakisha maji ya baraka. Lukresia alisimama kando mpaka sala ilipokwisha, kisha akamwita Lembris na kumwambia alete tindo. Mstari wote wa chini utoke, leo hii, watu wakiona. Lembris alikuwa bado anatafuta maneno ya kumkumbusha kwamba jiwe likichimbwa upya huenda likapasuka, pale mtu aliyejifunga shuka jekundu alipopita katikati ya watu, mavumbi ya lori yakiwa bado kwenye nyusi.

Huyo alikuwa Kaika, mfugaji wa Enguserosambu, ambaye marehemu alikuwa akipitia bomani kwake kila alipopeleka wageni Loliondo, na ambaye ndama wake aliwahi kusafirishwa kwenda kwa daktari wa mifugo katikati ya Waholanzi wawili waliodhani ni sehemu ya safari waliyoilipia.

“Pole, Mama. Gari limeniharibikia njiani. Nimekuja kumsalimia huyu.”

“Nani?” Lukresia aliuliza kwa ukali. Siku hiyo alikuwa amechoka kutafutiwa njia za kumtaja mumewe.

“Huyu.”

“Ana jina.”

“Analo, na ninalijua. Lakini katika ukoo wetu aliyelala hatajwi. Ukimtaja unamwamsha, na amechoka.” Kaika alichuchumaa mbele ya kaburi. Hakujisumbua na maandishi. Aliiona ile nukta nyeupe, akaiwekea kiganja chake chote. “Vizuri. Mmemweka hapa. Njia nzima nilikuwa nafikiria, nitamwamkiaje mtu bila kumtaja?” Akaiinamia. “Yule ndama amezaa. Jike.”

Hakuna aliyejua kama ni ibada au mazungumzo.

“Nawe umesikia huo utani,” alisema Lukresia, “kwamba mume wangu hakujua kutofautisha faru na kichaka.”

Kaika akageuka, ameshangaa. “Hakujua? Mama, alinisimulia mwenyewe, aliwaona wale faru kabla ya mtu yeyote. Walikuwa nyuma ya gari, dume na jike.” Alisita, akamtazama padri, akaamua kwamba kazi ya padri ni kusikiliza. “Walikuwa kwenye shughuli yao. Na faru akianza shughuli hamalizi leo. Sasa gari limejaa masista, mmoja ana miaka kama themanini, na wamekaribia kugeuka. Angefanyaje? Akatafuta kichaka upande wa pili.”

Padri aligundua jambo muhimu ndani ya kitabu chake cha ibada na kuinamia hapo. Madereva wakageuziana macho, kila mmoja akimtafuta wa kwanza aliyecheka siku ile.

“Miaka yote hiyo,” alisema Tobiko, “mbona hakusema?”

“Nilimwuliza. Akaniambia, nyumbani kwetu nimwambie nani? Kaka yangu hacheki, na mke wangu anasali.”

Isaya alilipokea hilo kama anavyopokea mtu sahihisho la kalamu nyekundu lisilo na rufaa. Lukresia naye alibaki ametazama jiwe, na kwa kitambo ikaonekana atalia. Kilichotoka kikawa kicheko, kibovu na kirefu, cha kukatisha pumzi, na alipojaribu kukizuia kwa kiganja kikapitia puani. Nukta Mkato akaachia khanga. Masikini padri naye alikuwa amefunga kitabu.

Lukresia alipopata pumzi alijifuta macho. “Nilimfulia shati siku hiyo,” alisema. “Nilimwambia, na wewe bwana, kichaka kweli? Akaniambia, mama, jua lilikuwa kali.” Kisha akasema, “Lembris.”

“Naam, Mama.”

“Tindo umeleta?”

“Ninayo.”

“Hizi nukta mbili ndogo, zizibe. Hiyo ya mwisho itoe huo uji alioupaka Mwalimu, uirudishie weusi. Mume wangu hakuwa faru mweupe.”

“Na jina?”

“Jina lake liko juu, yote matatu. Hilo ni langu. Hii ya chini waachie wenyewe.”

Isaya alikohoa. Kuna mambo ambayo mtu wa elimu hawezi kuyaacha yapite hata kaburini. “Shemeji, kifupisho hakiwezi kuwa na nukta mwishoni tu. Ama kila herufi iwe na yake, ama zote zikose. Ukiziba za katikati, herufi zitashikana na kusomeka kama neno.”

“Aka!” Sabina alikuwa amesubiri wiki nzima.

“Kama hivyo,” alisema Isaya.

“Neno gani hilo?” Lukresia aliuliza.

“Ni neno la kukataa. Linatumika pwani.” Alilitazama jiwe, akilipima kama alivyokuwa akipima insha zilizomshinda, akitafuta alama yoyote ya kumpa mwandishi kwa haki. “Kisarufi, hata hivyo, neno moja lenye maana kamili, likifungwa kwa nukta, ni sentensi. Halina kosa.”

“Na inasemaje, hiyo sentensi?”

“Inasema: Aka.”

Lukresia aliinamia ile nukta, akaipangusa vumbi kwa ncha ya kidole.

“Basi,” alisema, “ndiye yeye.”